Shimo la Isongole

Tulichimba mita moja na nusu, mimi na mama,
kona nne, kingo zimenyooka,
ukuta mmoja ukilitazama jua
ili rangi zisomeke.
Saa nne haijafika, Mama Nsubisi huyo,
kuni kichwani, khanga imekazwa kwa msiba.
"Ndaga fijo," akasema. "Ni nani?"

Hakuna mtu, mama akajibu. Ni huyu mwanangu,
amesomea udongo Uyole,
amerudi kuupasua.
Mama Nsubisi hakurudi na kuni zake.
Akazitua, akazikalia:
mtu hapandi mlima huu bure.

Nikaingia na kisu na futikamba.
Juu, mkono mzima hadi kiwiko, udongo mweusi,
wenye mizizi, nyungunyungu, vijumba vya wadudu.
Mvua inayoingia humu hushuka taratibu,
ndiyo ile tunayoichota kisimani mwezi wa kumi.
Nikalowesha donge, nikalisokota:
utepe ukakatika mapema kidoleni.
Jivu la mlima.
Lile jivu huikumbatia mbolea ya dukani
kama bahili na funguo zake;
kiazi kinabisha hodi, hakifunguliwi.
Samadi ndiyo humlegeza vidole.

Chini ya weusi, mkanda wa mawe meupe,
yenye matundu, mepesi kama mkate uliokauka.
Mama akatupa moja kwenye ndoo.
Likaelea.
Ngozi iliyatapika haya, nikamwambia,
hapajawa na mtu wa kuiita Ngozi.

Na chini ya mawe, weusi tena.

Mama alishuka shimoni bila kuombwa,
akapitisha kidole gumba ukutani.
"Hii ni juu nyingine."
Ndiyo, mama. Ardhi iliyozikwa na majani yake,
njia za mizizi bado zi wazi,
nyembamba kama tundu la sindano.
Mama Nsubisi akainuka kwenye kuni:
"Na mlisema hakuna maiti."

Shimo la pili tulilichimba juu, kwenye mikaratusi.
Jembe la tatu likagonga mawe meupe.
Weusi: vidole vinne.
La tatu, kwa ruhusa, bondeni kwa Mwakalobo.
Weusi ukanifika kiunoni,
na ndani yake sahani ya bati, ya bluu,
iliyopotea nikiwa darasa la tatu.
Mama akaifuta kwa kiganja, pande zote mbili.
"Kwa hiyo huyu anavuna shamba langu.
Nimdai kwa debe au kwa gunia?"

Matuta yetu hutelemka na mlima
na maji hutelemka nayo, mbio.
Nikafungua mdomo nihubiri kinga maji.
"Tuta la kukingama hutuamisha maji," akasema,
"kiazi kinaoza. Na kulima kwa ubavu, mgongo nani?
Uyole walikufundisha mgongo?"
Hawakunifundisha.

Tukafunga fito tatu, uzi, jiwe likaning'inia,
tukapima mteremko hatua kwa hatua,
tukibishana kila kigingi.
Matuta yatalala kidogo, si sana:
maji yatembee, yasikimbie.
Majani ya tembo mistari mitatu,
wa juu kabisa pale penye vidole vinne.
Ng'ombe wa Mama Nsubisi atakata wa kwanza.
Hiyo ilikuwa bei ya kuni.

Jioni nilianza kufukia kwa weusi, kwa kuwa ulikuwa karibu.
Mama akanipiga mkono.
"Cha chini kitangulie."
Basi mawe, basi jivu,
basi ule mweusi, mwisho, kwa mikono yake.

Kuni za msiba zikachemsha viazi.
Tukavila kwenye sahani ya bluu, ina tundu moja, haidhuru.
"Vile vidole vinne," akauliza,
"udongo unaviotesha kwa muda gani?"
Nikasema: miaka yako, na yangu, na ya bibi,
na bado.
Akatazama vidole vyake, vinne,
akakunja kimoja kimoja,
kisha akaendelea kumenya.